UZI: Kabla ya gari la zimamoto, nani ameshika redio?

Haya ni maneno niliyozungumza na vijana na wazee pale Garsen. Nayaweka hapa karibu kama nilivyoyasema, kwa sababu kuna waliokosa nafasi ya kuja. Sheria ya uzi wetu ni ileile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukileta jina kwenye komenti, nafuta.

Wazee wangu, shikamooni. Kaka na dada zangu, hamjambo. Mimi nasoma sayansi ya siasa, si mzimamoto. Kazi yangu huku ni kuchukua jambo linalorushwa rushwa kwenye midahalo na kulifungua tuone ndani kuna nini. Leo nachukua ahadi ya gari la zimamoto.

Mnaijua hiyo ahadi. Mgombea anasimama, anasema akipewa kura gari jekundu litafika, watu wanapiga makofi, mwenye kuendesha mdahalo anahamia swali la barabara. Hakuna anayeuliza litakaa wapi, nani atalipigia simu, na likifika nani atawaambia watu wafanye nini.

Tufanye hesabu ya shuleni tu. Kutoka Hola mpaka hapa ni karibu kilomita 100. Dereva akikanyaga mafuta vizuri ni zaidi ya saa moja, na hapo sijaweka ng'ombe barabarani. Nyumba ya makuti au ya nyasi ikishika moto na upepo upo, ndani ya robo saa imekwisha, na jirani yake imeanza. Haya, tuseme gari linakaa Garsen penyewe. Moto ukiwa Ozi utafikaje? Ukiwa Kau je? Kuna vijiji vya delta ambavyo masika yakikolea, njia ni mtumbwi. Gari lenye tani kadhaa za maji kwenye ule udongo wetu mweusi halifiki mbali, litalala pale mpaka lije kuvutwa na trekta.

Msinielewe vibaya. Mji kama Garsen, wenye maduka yaliyobanana, vituo vya mafuta, na malori ya mafuta yanayopita kwenda Lamu na Garissa, unahitaji gari la zimamoto. Mimi nitapiga makofi likija. Ninachokataa ni mdahalo kuishia hapo.

Kwa sababu mpaka sasa moto wa vijijini unazimwa na nani? Na nyinyi. Mtu anapiga kelele, spika ya msikiti inatangaza, kengele ya kanisa inalia, watu wanakuja na ndoo na jerikeni. Wengine wanapanda juu ya paa la nyumba ya pili na kuvuta makuti chini ili moto usipate pa kuruka. Hiyo ni akili ya kizimamoto kabisa. Hakuna aliyewafundisha darasani, mmeirithi. Kwa hiyo kikosi cha kujitolea tayari kipo. Hakina jina, hakina bajeti, na hakina kiongozi.

Hapo kwenye kiongozi ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Angalia moto wowote wa kijijini. Wanaume kumi wanatoa amri kumi. Maji machache yaliyopo yanamwagwa juu ya nyumba ambayo imeshakwenda, badala ya kulowesha paa la nyumba ambayo bado inaokoka. Hakuna aliyehesabu watoto. Mama anaulizwa na watu saba mwanawe yuko wapi, na wa nane anaingia ndani kumtafuta mtoto ambaye yuko salama kwa bibi yake. Watu hawaumii kwa kukosa ushujaa jamani. Ushujaa tunao mwingi, mpangilio ndio mchache.

Na si sisi peke yetu. Mwaka 1970 moto wa misitu uliunguza California kwa siku 13, watu 16 wakafa na mamia ya nyumba yakateketea. Hawa ni Wamarekani, wenye magari, ndege na pesa. Walipokaa chini kuchunguza, tatizo kubwa walilolikuta lilikuwa mawasiliano na uongozi: kila kikosi kilikuwa na mkubwa wake, masafa yake ya redio na maneno yake. Kutokana na aibu ile wakatengeneza utaratibu ambao sasa unatumika sehemu nyingi duniani. Msingi wake unaeleweka hata na mtoto: kwenye tukio moja kuna kamanda mmoja. Wa kwanza kufika anayejua kazi anashika uongozi, anatangaza kwa sauti kwamba ameshika, na hauachii mpaka amkabidhi mwingine kwa sauti pia, watu wakisikia. Cheo cha mtaani hakihesabiki. Hata mwakilishi wadi akifika, anasubiri kuambiwa asimame wapi. (Hapa wazee walicheka sana. Mimi sikuwa natania.)

Ukitaka mfano wa nyumbani, kumbuka Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013. Polisi wa kikosi maalum waliingia, baadaye jeshi likaingia, na hapakuwa na amri moja wala mawasiliano ya pamoja. Ofisa wa polisi aliuawa kwa risasi za wanajeshi, watu wa upande wake mwenyewe. Kama hilo liliwapata watu waliolipwa na kufunzwa kwa miaka, sisi wenye ndoo tutasalimika vipi bila utaratibu?

Sasa redio. Kijana mmoja aliniuliza, si tuna simu? Tuna grupu ya WhatsApp, inatosha. Nikamwambia grupu ni nzuri kwa kupanga mazishi na mechi. Kwenye moto au mafuriko, simu ina kasoro zake. Unaongea na mtu mmoja, wengine ishirini hawasikii. Inataka kredo, inataka chaji, na inataka busta iwe hai. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024, barabara ya Garsen kwenda Lamu ililiwa na maji pale Gamba na Lango la Simba. Barabara ikikatika, hata fundi wa kuja kuwasha busta iliyozima hapiti, wala mafuta ya jenereta hayapiti.

Redio ya mawasiliano, hii wengi wetu tunaiita wokitoki, mtu mmoja akisema wote wanasikia kwa wakati mmoja. Ndiyo faida yake, na ndiyo hatari yake pia, kwa sababu mtu mmoja akilewa kibonyezo, wote wamezibwa. Kwa hiyo ina adabu. Unasikiliza kwanza. Unamtaja unayemwita, halafu unajitaja wewe. Unasema neno fupi: nani, wapi, unataka nini. Aliyepokea anarudia alichosikia, ili ijulikane kwamba "boti iende Idsowe" haikugeuka kuwa kitu kingine njiani. Salamu za nyumbani ni baadaye. Na ukiwezekana, amri iwe kwenye chaneli moja na habari za maji, mafuta na chakula kwenye chaneli nyingine.

Tusidanganyane pia. Redio ndogo ya mkononi ikiwa chini, usawa wa mtu, inafika kilomita chache tu. Delta yetu ni tambarare, hilo linasaidia, lakini bila mtambo wa kurusha mawimbi juu ya mlingoti mrefu, mtu wa Kipini hatasikika Garsen. Mtambo unahitaji umeme wa jua, ulinzi na fundi. Masafa yanahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Na tusisahau tunaishi wapi: ukanda huu, tangu mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014, kijana akionekana na redio mkononi usiku anaweza kuulizwa maswali magumu. Ana haki ya kuwa na kitambulisho na kibali, na vyombo vya usalama vina haki ya kujua redio ngapi ziko nje na kwa nani. Mgombea akikuahidi redio bila kutaja leseni na vibali, anawapeleka vijana wako kituoni.

Nimefika kwenye sehemu ambayo midahalo haipendi kuigusa.

Huku kwetu moto una maana mbili. Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa, zaidi ya watu 50 wakauawa, nyumba zikachomwa. Mwezi uliofuata zikaja Chamwanamuma na Kilelengwani, na Desemba ikawa Kipao. Wapokomo walizika, Waorma walizika. Mimi nilikuwa mtoto, lakini ninyi mnakumbuka. Tangu hapo, moshi ukionekana upande wa pili wa mto, swali la kwanza haliwi "nani ameungua?" Linakuwa "nani amewasha?" Jiko la kuni limeangusha cheche, lakini saa moja baadaye ujumbe unazunguka kwamba kijiji kimevamiwa, na watu wanatafuta panga.

Hii ndiyo sababu nasema mwenye redio ni muhimu kuliko mwenye gari. Yeye ndiye mtu wa kwanza anayeweza kusema: niko hapa, naona kwa macho, ni jiko, hakuna uvamizi. Lakini ataaminika kama tu anajulikana pande zote mbili. Kikosi cha kujitolea cha Mpokomo mtupu, au cha Muorma mtupu, au Mwardei mtupu, ni hatari hata kikiwa na nia njema. Siku kikivuka mto usiku na tochi, kitaonekana kundi la kuvamia.

Na jambo hili si ndoto. Baada ya ghasia zile, mradi wa Una Hakika ulifanya kazi hapa Delta. Mtu akisikia uvumi alituma ujumbe mfupi wa simu, mabalozi wa kujitolea vijijini wakauchunguza, jibu likarudi: ni kweli, ni uongo, au bado. Walikuwa watu wa kawaida wa vijiji hivi hivi. Ukichukua watu wa aina hiyo, ukawapa redio na mafunzo ya kuzima moto na kuokoa kwenye maji, umepata kikosi. Wazee wa Gasa na wazee wa Matadeda wakae pamoja kuchagua majina, na kamanda awe na naibu kutoka jamii nyingine. Huo uteuzi usipitie kwa mwanasiasa yeyote, tafadhali. Ukipitia kwake, mwaka wa uchaguzi kitakuwa kikosi cha kubeba mabango.

Kisha kuna neno "kujitolea". Wagombea wanalipenda kwa sababu wanadhani ni la bure. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kijana akivunjika mguu akishusha makuti, nani analipa hospitali? Sheria ya 2007 ya fidia ya walioumia kazini inamlinda aliyeajiriwa. Huyu hana mkataba, kwa hiyo ataanza mchango wa WhatsApp. Msiambiwe kujitolea ni jambo la nchi maskini. Ujerumani wazimamoto wengi ni wa kujitolea. Chile karibu wote, tangu kikosi cha kwanza cha Valparaíso mwaka 1851. Lakini Chile ina sheria ya kugharamia matibabu ya mzimamoto aliyeumia kazini, ingawa hapokei mshahara. Bunge la kaunti linaweza kuanza na kitu kidogo kama hicho: orodha rasmi ya majina, bima, viatu vya mpira na majaketi ya kuokolea. Ukilinganisha na bei ya gari jekundu, si fedha za kutisha.

Mwisho wa kikao mzee mmoja akauliza swali zuri: tukidai, tunamdai nani? Kwenye midahalo hapa ndipo wanaporushiana mpira. Mmoja anasema ni Nairobi, mwingine anasema ni kaunti. Fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Sehemu ya Pili, namba 12, inaipa kaunti huduma za zimamoto pamoja na usimamizi wa majanga. Sehemu ya Kwanza, namba 24, inaipa serikali ya taifa usimamizi wa majanga pia. Kwa hiyo kwenye mafuriko mnaweza kuwadai wote wawili, na mnapaswa, kwa sababu maji ya Masinga yanaanzia mbali na yanachukua siku kadhaa kutufikia. Siku hizo ni za kutoa tahadhari kijiji kwa kijiji. Lakini kwenye moto, "zimamoto" imeandikwa upande mmoja tu. Mgombea wa kaunti akisema si kazi yake, msomeeni hiyo namba 12 palepale.

Kuhusu pesa, sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, na malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti yaliyokaguliwa ya mwaka uliotangulia. Hazina hiyo ni ya janga lililotokea au linalonyemelea. Mafunzo, bima na redio vinatakiwa viwe kwenye bajeti ya kawaida, ambayo mna haki ya kuitolea maoni kabla haijapita. Vikao vya maoni vikitangazwa, nitaweka tarehe hapa kwenye uzi. Njooni na majina ya vijiji vyenu na hesabu ya boti zilizopo.