Kuusoma Msimbo Kabla Mzigo Haujatoka: Uchambuzi Tuli na Usalama wa Mifumo ya Biashara Kariakoo



Mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo, Dar es Salaam, leo hutoa mzigo kwa kuiamini programu. Mteja aliyeko Tunduma, Lubumbashi au Moroni anatuma pesa kwa simu au benki, mfumo wa duka unaandika kwamba ankara imelipwa, stoo inafunguliwa na mzigo unapakiwa. Neno hilo moja, "imelipwa", likiandikwa kwa kosa la programu au kwa hila ya mdukuzi, bidhaa zimekwenda, na mara nyingi mwenye duka hugundua anapofunga hesabu.

Hoja ya mada hii ni kwamba makosa mengi yanayofungua mlango wa hila hizo yanaonekana ndani ya msimbo kabla programu haijaanza kutumika. Vyombo vya kuyaona vipo, na vingi ni vya bure. Lakini vitatufaa kwa masharti mawili: tuvifundishe makosa ya biashara yetu, na tuviweke katika kazi ya kila siku ya wanaoandika mifumo.

1. Mifumo tunayoizungumzia

M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na mashine za risiti za kielektroniki (EFD) mwaka 2010. Baadaye zikaja lipa namba, malipo ya msimbo wa QR, na VFD, ambapo programu ya duka yenyewe huwasiliana na Mamlaka ya Mapato (TRA) na kutoa risiti bila mashine ya pembeni. Mfumo wa mauzo uliokuwa ukihesabu stoo tu umekuwa njia panda ya TRA, mitandao ya simu, benki na wateja.

Mifumo ya maduka madogo na ya kati mara nyingi huandikwa na kijana mmoja au watu wawili watatu, kwa PHP na MySQL, kisha huongezewa vipande kila mteja anapoomba jambo jipya. Duka la Mtaa wa Kongo haliwezi kumlipa mtaalamu aujaribu mfumo kwa udukuzi kila mwezi. Chombo kinachosoma msimbo wote kwa dakika chache, kila unapobadilishwa, ndicho ukaguzi ambao duka la namna hiyo linaumudu.

2. Uchambuzi tuli unavyofanya kazi

Uchambuzi tuli ni kuusoma msimbo kwa programu nyingine bila kuuendesha. Stephen Johnson wa Bell Labs alitengeneza lint mwaka 1978 ili kukagua msimbo wa lugha ya C. Vyombo vya leo huuchambua msimbo kisarufi, kisha hufuatilia data kutoka inapoingia hadi inapotumika.

Tuchukue kisanduku cha kutafuta bidhaa. Muuzaji anaandika "kitenge", na programu inaliunganisha neno hilo na amri ya SQL inayokwenda kwenye kanzidata. Mtu mwenye nia mbaya ataandika kipande cha amri badala ya jina la bidhaa, na kanzidata itakitii: itatoa orodha ya wateja au itafuta madeni. Hila hii ilielezwa hadharani katika jarida la Phrack mwaka 1998. Hata hivyo, katika orodha ya 2021 ya OWASP, taasisi ya usalama wa programu, ya hatari kuu za programu za wavuti, upenyezaji wa amri ulikuwa bado nafasi ya tatu.

Chombo cha uchambuzi huliona kosa hilo hivi: kisanduku ni chanzo kisichoaminika, amri ya kanzidata ni mahali pa hatari, na kati yake hakuna hatua inayotenganisha data na amri. Vyombo vyenye uwezo zaidi huifuata njia ya neno hata likipitia mafaili kadhaa. Kwa PHP, Psalm hufanya kazi hii. Vyombo vingine vya kusaka makosa ni Bandit kwa Python, SpotBugs kwa Java, na Semgrep inayosoma lugha nyingi. Vyote huendeshwa kwenye kompyuta yako mwenyewe, bila kumkabidhi mtu mwingine msimbo wa mteja.

3. Makosa ya biashara yetu

Kanuni zinazokuja na vyombo hivi ziliandikwa na watu wasioijua biashara ya Kariakoo. Yapo makosa matatu ambayo lazima tuyaandikie kanuni wenyewe.

La kwanza ni taarifa ya malipo. Mteja akishalipa, mtandao wa simu hutuma ujumbe kwenye anwani ya seva ya duka. Ikiwa msimbo unaupokea na kubadili ankara bila kuthibitisha umetoka kwa nani, yeyote anayeijua anwani hiyo anaweza kujitumia ujumbe wa "malipo yamepokelewa". Chombo hakiwezi kujua peke yake kwamba hapa pana uthibitisho uliokosekana. Lakini kwa Semgrep unaweza kuandika kanuni fupi: kila kazi inayopokea taarifa ya malipo lazima iite kwanza kazi ya kuthibitisha mtumaji na kiasi, ndipo iguse ankara. Asiyetii, msimbo wake haupokelewi.

La pili ni siri zilizoandikwa ndani ya msimbo. Programu inayotoa risiti za VFD hutumia ufunguo wa kidijitali wa kuzisaini. Ufunguo huo au nywila yake ikiachwa ndani ya faili la msimbo, kila aliyewahi kulinakili faili hilo anaweza kujifanya duka hilo. Baadhi ya kanuni za kusaka siri hutegemea majina ya vigezo, mfano password na secret. Mwandishi aliyeandika "nywila" au "neno_siri" anapita bila kuonekana. Kanuni zetu ziyasake na majina haya.

La tatu ni ukubwa wa namba. Namba ya desimali ya biti 32 huhifadhi namba nzima kwa usahihi hadi 16,777,216. Ukiongeza 1, haiwezi kuitofautisha. Namba nzima ya biti 32 yenye alama ya hasi na chanya huishia 2,147,483,647. Katika Java, ikizidi hapo hugeuka kuwa hasi. Kwa dola, ni wachache wanaofika huko. Kwa shilingi, oda moja ya jumla inaweza kuuvuka mpaka wa kwanza, na mauzo ya duka kubwa yanaweza kuuvuka wa pili. Kanuni iwe wazi: kigezo chenye jina la bei, kiasi, jumla au deni kisitangazwe kwa aina hizo.

4. Mipaka yake

Mwaka 1953 Henry Gordon Rice alithibitisha kwamba hakuna utaratibu wa kikompyuta unaoweza kuamua kwa hakika kila sifa ya tabia ya kila programu. Kwa hiyo kila chombo kitakosea: kitapiga kelele pasipo na kosa, au kitanyamaza penye kosa.

Mwaka 2014 ulituonyesha pande zote mbili za uwezo huu. Katika programu za Apple, mstari mmoja ulirudiwa kimakosa, na ukaguzi wa saini ya usalama ukarukwa. Chombo kinachoripoti msimbo usiofikika kingeliona kosa hilo. Mwaka huohuo, kosa la Heartbleed katika OpenSSL, maktaba inayolinda mawasiliano ya mtandao, lilibainika kuwa lilikuwa limepita mbele ya vyombo vya uchambuzi bila kugunduliwa.

Kwetu, pengo kubwa liko kwenye ruhusa. Mteja akibadilisha namba ya ankara kwenye anwani kutoka 1042 kuwa 1043 na kuona bei alizopewa jirani yake, amri zote zimeandikwa kwa usahihi. Kilichokosekana ni swali la nani anaruhusiwa kuona nini. Udhaifu wa udhibiti wa ruhusa ndio uliokuwa namba moja katika orodha ya OWASP ya 2021. Hapa bado tunahitaji mtu wa pili ausome msimbo, na majaribio ya kweli.

5. Kuiweka kazini

Wahandisi wa Facebook walieleza mwaka 2019 jambo linalopaswa kutuongoza. Walipowapelekea waandishi orodha ya makosa yaliyopatikana katika msimbo wa zamani, karibu hakuna lililorekebishwa. Uchambuzi uleule ulipotoa onyo wakati mwandishi anawasilisha mabadiliko yake, zaidi ya asilimia 70 ya makosa yalirekebishwa. Saa hiyo mwandishi bado anakumbuka alichokusudia.

Kwa hiyo tusianze kwa kuuchambua mfumo wa miaka minane na kumkabidhi kijana maonyo elfu. Psalm na PHPStan, chombo kingine cha PHP, huruhusu kuyahifadhi maonyo ya zamani kama msingi, kisha kuzuia mapya tu. Ya zamani yapunguzwe kidogo kidogo, tukianza na faili za malipo.

6. Mapendekezo

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 humshughulikia mhalifu baada ya kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde tangu mwanzo. Daftari la madeni lenye majina na namba za simu za wateja ni taarifa za namna hiyo. Mwenye duka hawezi tena kusema usalama ni kazi ya fundi peke yake.

Napendekeza semina hii iazimie mambo matatu.

Kwanza, waandishi wa mifumo tuliopo hapa tuanzishe hazina moja ya wazi ya kanuni za Semgrep kwa ajili ya taarifa za malipo, funguo za risiti na hesabu za shilingi, na kila mmoja aongeze kanuni kila anaporekebisha kosa jipya.

Pili, wafanyabiashara waweke katika mkataba wa mfumo sharti la kupewa ripoti ya uchambuzi kila toleo jipya linapofungwa dukani, ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na mhasibu.

Tatu, vyuo vyetu, kuanzia Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) iliyo hapa jirani hadi CoICT, ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, viufanye uchambuzi tuli kuwa sehemu ya kusahihisha miradi ya wanafunzi, ili kijana afike Kariakoo akiwa ameshazoea msimbo wake kukaguliwa.