Hata Mahasimu Waweza Kuwekeana Sheria Baharini



Tunapozungumza juu ya hatari ya vita baina ya mataifa makubwa, wengi wetu hufikiria makombora ya nyuklia, na viongozi wanaokata shauri wakiwa wamezunguka meza. Leo napenda kuzungumzia hatari nyingine, iliyo ndogo kwa sura lakini iliyo karibu zaidi. Nayo ni ile ya manowari mbili za mahasimu zinazopishana kwa mita chache katika bahari kuu, na ndege za kivita zinazofukuzana angani, hali hakuna aliyetangaza vita.

Bahari kuu haina mwenyewe. Huko mahasimu hukutana ana kwa ana, bila ya mpaka wala mlinzi wa kuwatenganisha. Na maisha ya watu wengi huwa mikononi mwa nahodha mmoja, au rubani kijana, mwenye dakika chache tu za kufikiri.

Katika miaka ya 1960 Marekani na Muungano wa Sovieti zilikuwa zikifuatana baharini usiku na mchana. Manowari za upande mmoja zilikata njia mbele ya manowari za upande wa pili. Mizinga ilielekezwa kana kwamba inataka kufyatuliwa. Ndege zilipita chini sana juu ya meli, na usiku kurunzi kali zilimulikwa machoni mwa mabaharia walioshika usukani. Tarehe 10 Mei, 1967, manowari ya Kimarekani iitwayo Walker iligongana na manowari ya Kisovieti katika Bahari ya Japani. Kesho yake ikagongana na nyingine. Mwezi Mei, 1968, ndege ya Kisovieti ya kutupa mabomu iliyokuwa ikipita karibu na Essex, meli ya Kimarekani ya kubebea ndege, ilianguka majini na wote waliokuwamo wakafa. Mwezi Novemba, 1970, manowari ya Kisovieti iligongana na Ark Royal, meli ya Kiingereza ya kubebea ndege, katika Bahari ya Kati, na mabaharia wawili wa Kisovieti wakapoteza maisha.

Hebu tujiulize: ingekuwaje lau makamanda wa Kisovieti wangeamini kwamba ndege yao ya mwaka 1968 haikuanguka bali ilitunguliwa?

Swali hilo waliliona wanamaji wenyewe kabla ya wanasiasa. Tarehe 25 Mei, 1972, mjini Moscow, John Warner, Waziri wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, na Admirali Sergei Gorshkov, mkuu wa wanamaji wa Sovieti, walitia sahihi mapatano ya kuzuia ajali katika bahari kuu na katika anga iliyo juu yake. Tukumbuke pia hali ya mwezi ule. Marekani ilikuwa ikipiga mabomu Vietnam ya Kaskazini, na ilikuwa imekwisha tega mabomu ya majini katika bandari ya Haiphong. Kwa hiyo hapakuwa na mapenzi baina yao. Hata hivyo walikubaliana.

Walikubaliana nini? Kwanza, kila nahodha azishike sheria za kawaida za kupishana baharini, na meli inayoifuata nyingine ikae mbali kiasi cha kutosha. Pili, ni marufuku kuigiza shambulio kwa kuelekeza mizinga au makombora, kumulika kurunzi kwenye chumba cha usukani, au kurusha vitu karibu na meli ya mwenzio. Tatu, marubani wasifanye michezo ya hatari juu ya meli. Nne, anayetaka kufanya zoezi litakalohatarisha vyombo vingine atoe taarifa siku chache kabla. Tano, ajali ikitokea, habari zipelekwe kwa njia ya waambata wa kijeshi. Na kila mwaka pande mbili zikutane kuyapitia malalamiko. Mwaka 1973 meli zisizo za kijeshi nazo ziliongezwa katika kinga hiyo.

Nguvu ya mapatano haya ilikuwa katika unyenyekevu wake. Hayakudai mtu aiache itikadi yake, wala hayakupunguza hata manowari moja. Yalidai adabu tu ya njiani. Mwezi Oktoba, 1973, vita vilipokuwa vikipiganwa Mashariki ya Kati, manowari nyingi za pande hizo mbili zilirundikana katika Bahari ya Kati, zikiwindana kwa siku nyingi. Ulikuwa wakati wa hatari kubwa. Lakini majeshi hayo mawili ya majini hayakupigana.

Nisieleweke kwamba mapatano ni hirizi. Hayakuweka umbali maalumu wa kuachiana, na nyambizi zikiwa chini ya maji hazikuguswa. Tarehe 12 Februari, 1988, manowari za Sovieti zilizigonga kwa makusudi manowari mbili za Kimarekani katika Bahari Nyeusi, kwa sababu mataifa hayo hayakuafikiana juu ya haki ya kupita katika maji ya pwani. Tarehe 14 Machi, 2023, ndege ya kivita ya Urusi iligongana na ndege ya Kimarekani isiyo na rubani juu ya bahari hiyo hiyo. Sheria haimwondolei mtu uhasama. Humpa njia ya kurudi nyuma bila ya aibu.

Na mahali pasipo na njia hiyo, gharama hulipwa na asiyehusika. Tarehe 3 Julai, 1988, manowari ya Kimarekani Vincennes ilikuwa ikipambana na mashua za kivita za Iran karibu na Mlango wa Hormuz. Marekani na Iran hazikuwa na mapatano ya namna hii. Ndege ya abiria ya Iran iliruka kutoka Bandar Abbas kwenda Dubai, ikipanda juu katika njia yake ya kawaida. Waliokuwa ndani ya manowari waliidhani ni ndege ya kivita inayowashukia. Wakaitungua. Watu 290 walikufa, miongoni mwao watoto 66. Mwaka 1996 Marekani ilikubali kulipa dola milioni 61.8 kwa jamaa za waliokufa. Fedha hizo hazikumrudisha hata mtoto mmoja.

Ndugu wananchi, sisi tunaoishi kando ya Bahari ya Hindi hatuwezi kusema kwamba mambo hayo hayatuhusu. Mwaka 1971 Umoja wa Mataifa uliitangaza bahari hii kuwa eneo la amani. Lakini manowari za mataifa makubwa hazikuondoka. Wako watakaosema kwamba kudai sheria za kupishana ni kuzipa manowari hizo ruhusa ya kurandaranda milangoni petu. Sikubaliani nao. Anayemtaka jirani auzime moto uani hakatai ndoo ya maji. Tuendelee kudai eneo la amani. Lakini maadamu manowari zingaliko, tudai pia zifungwe na sheria, kwa sababu katika maji hayo hayo hupita majahazi yetu, wavuvi wetu, na meli zinazotuletea chakula na mafuta.

Mwaka 2014, huko Qingdao, wakuu wa majeshi ya majini wa nchi za Pasifiki ya Magharibi, zikiwamo Marekani na China, walikubaliana juu ya kanuni za manowari zinapokutana bila ya kutarajia. Kanuni hizo hazina nguvu ya sheria, lakini ni mwanzo mwema. Nchi ndogo zina haki ya kuuliza kwa nini mwanzo huo usifike katika kila bahari.

Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Manowari mbili kugusana baharini ni ufa. Wale waliotia sahihi mjini Moscow hawakuwa marafiki, lakini waliuona ufa ule na wakauziba kwa pamoja. Ikiwa mahasimu wale waliweza, hakuna taifa leo lenye udhuru wa kukataa.