Nani Mwenye Hadithi Runinga Ikizimwa?



Jioni hii natetea vitabu ambavyo wasomi wengi huvipita bila kuvigusa: riwaya zinazoendeleza tamthilia ya runinga ya kubuni ya kisayansi baada ya tamthilia yenyewe kukatizwa. Nasema zisomwe kwa makini, kwani ndani yake tunamwona msomaji akigeuka mwandishi, na mwandishi akipigania umiliki wa kazi yake.

Chukueni Doctor Who, tamthilia ya msafiri wa nyakati. BBC ilianza kuionyesha mwaka 1963, ikaisimamisha Desemba 1989. Mwaka 1991 kampuni ya Virgin, kwa idhini ya BBC, ilianza kutoa riwaya mpya za msafiri yuleyule wa nyakati. Mhariri Peter Darvill-Evans aliwafungulia mlango hata wale ambao hawakuwahi kuchapisha kitabu. Akaingia Paul Cornell, shabiki aliyezoea kuandikia vijarida vya mashabiki. Katika Human Nature ya mwaka 1995, Cornell anamfanya msafiri huyo kuwa binadamu wa kawaida, mwalimu wa shule Uingereza mwaka 1914, vita vikinyemelea. Anapenda, anaogopa, na kurejea alivyokuwa kunamgharimu mapenzi hayo.

Tamthilia iliporudi hewani mwaka 2005, aliyeiongoza ni Russell T Davies, naye alikuwa ameandika riwaya moja ya mfululizo huohuo mwaka 1996. Mwaka 2007 Cornell mwenyewe aliigeuza Human Nature kuwa vipindi vya runinga. Kitabu kilichodhaniwa kiraka ndicho kilichoilisha tamthilia.

Lakini anayeandika kwa leseni hubaki kama mchumaji katika shamba la chai la kampuni: hulipwa kwa majani, mche si wake. Mkulima anayepeleka chai yake katika kiwanda cha Mogogosiek au Kapkoros anaijua tofauti hiyo, maana ana mche na ana hisa kiwandani. Cornell alipanda mche wake. Mwaka 1992, ndani ya riwaya hizohizo, alimbuni Bernice Summerfield, mwanaakiolojia wa karne zijazo. Virgin ilipopoteza leseni mwaka 1997, msafiri wa nyakati alirudi kwa BBC. Bernice akaendelea na riwaya zake mwenyewe.

Kwetu nako, hadithi ya kubuni ya kisayansi kwa Kiswahili haijalala. Mwaka 1995, uleule wa Human Nature, Katama Mkangi alichapisha Walenisi, riwaya inayomrusha mhusika wake Dzombo kwa chombo cha angani hadi jamii yenye utaratibu mwingine kabisa wa haki. Mkangi alifariki mwaka 2004. Sheria ya Kenya hulinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo atakayetaka kuiendeleza safari ya Dzombo leo hana budi kuomba idhini.

Kwa hiyo nawaomba wenye vituo vya runinga: mnapokatiza tamthilia, wapeni waandishi chipukizi leseni ya kuiendeleza vitabuni, na mkataba utamke wazi kwamba mhusika atakayebuniwa na mwandishi ni mali ya mwandishi. Nanyi wanafunzi, anzeni na hadithi mnayoipenda, hata kama ni ya mwingine. Mjifunze humo namna ya kujenga ulimwengu na kuutunza. Kisha mtieni ndani yake mtu wenu, mzaliwa wa Litein au Sotik, mwenye lugha yake na maswali yake, atakayeweza kusimama siku leseni itakapokwisha.