Jibu la Neno Moja

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, baada ya tarawehe)



Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu vijana. Nimepewa dakika chache na watu wana daku, kwa hivyo sitawachosha. Nataka tuzungumze juu ya majibu mafupi. Najua kuna anayesema moyoni, hilo nalo ni la kufanyiwa mada? Ngojeni kidogo.

Tuseme kuna kijana ana pumu. Amefunga, na saa nane za mchana kifua kimembana. Anaandika kwenye kundi la WhatsApp: dawa ya kuvuta inabatilisha saumu? Wa kwanza anajibu, "Ndiyo." Wa pili, "Hapana." Wa tatu anaweka picha ya kidole gumba, sijui anamuunga mkono nani. Wote wamejibu na hakuna aliyemsaidia. Mas'ala haya wanazuoni wamekhitalifiana, na mgonjwa ana ruhusa yake ya kula na kulipa siku nyingine. Neno moja halikumfikishia hata kimoja katika hayo. Hajui aliyejibu ametoa wapi, wala kama alifahamu ni dawa gani. Na kifua bado kinambana.

Sasa, sisi tunaosoma mambo ya kompyuta tunao uwanja ambapo jambo hili limehangaikiwa miaka mingi. Unaitwa Stack Overflow, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky. Mtu anauliza swali la programu, yeyote anayejua anajibu. Hakuna mshahara, kuna alama. Jibu lako likipata kura ya kukubaliwa unaongezewa alama 10, likikataliwa unapunguziwa 2. Mwaona penye mtego? Aliyewahi ndiye anayeonwa kwanza na kupigiwa kura. Basi watu wakazoea kutupa mstari mmoja haraka haraka, kisha warudi kuurefusha. Wengine hawarudi.

Wakaweka sharti: jibu lisipungue herufi 30. "Ndiyo" peke yake haipiti. Watu wakafanya nini? Wakajaza nukta. Wengine wakaandika waziwazi kwamba maneno haya ni ya kutimiza hesabu tu! Kipimo cha herufi kinamzuia mvivu asiye na akili, mvivu mwenye akili kinamfundisha kujaza.

Na si wote wavivu, tuwe waadilifu. Pale, mgeni haruhusiwi kuandika maoni chini ya swali la mtu mwingine mpaka afikishe alama 50. Kujibu lakini anaruhusiwa. Kwa hivyo mgeni anayetaka tu kuuliza, "Unatumia toleo gani?", anajikuta ameliandika swali hilo mahali pa jibu. Mlango mmoja umefungwa, akaingilia ulio wazi. Ukimfokea huyo umemdhulumu, maana kanuni yenyewe ndiyo iliyomsukuma.

Nani basi anasafisha? Ni watumiaji wenyewe. Aliyefikisha alama 2,000 anaweza kukaa kwenye foleni ya ukaguzi na kuletewa majibu yanayoshukiwa. Anaweza kuliacha jibu, kulirekebisha, au kupendekeza lifutwe. Na hapa pana jambo linalowapita wengi: ufupi si kosa la kufutia. Hata kukosea si kosa la kufutia. Jibu la uongo linapigiwa kura ya kukataliwa, libaki na aibu yake, wanaokuja nyuma waone kwamba njia ile haifiki. Linalofutwa ni lile lisilojibu kabisa: "Asante", "Hata mimi nina shida hii", na mfano wa hayo.

Chukua mtu aliyeuliza mbona programu yake ya Python inagoma. Ukatazama, ukaona hakuweka nukta pacha mwisho wa mstari wa tatu. Umwambie nini zaidi ya hilo? Mstari mmoja umetosha, na mkaguzi akiufuta kwa sababu ni mfupi, amefuta elimu. Lakini mwingine anauliza vipi arudishe kazi yake ya jana, anajibiwa amri moja tu: git reset --hard. Amri ni sahihi. Ila inafuta mabadiliko ambayo hajayahifadhi ndani ya git, na aliyejibu hakusema. Mwanafunzi ananakili, anabonyeza, na kazi ya asubuhi nzima imekwenda. Na kuna wanaobandika anwani ya ukurasa mwingine tu, basi. Siku ukurasa ule ukifungwa, jibu limekufa nao.

Lipo linaloniuma zaidi. Wengi wetu Kiingereza ni lugha ya pili, kwa mtoto wa Kimijikenda au Kisomali ni ya tatu. Mtu kama huyo anaandika kwa ufupi kwa kuogopa kuchekwa. Anajua jibu, maneno ndiyo hana. Wareno, Wahispania, Warusi na Wajapani walifunguliwa Stack Overflow za lugha zao. Kiswahili, pamoja na wingi wetu wote huu, hakina. Kwa hivyo naona mkaguzi angeanza kwa kumuuliza mwenye jibu, "Tueleze kwa nini", au alirekebishe mwenyewe, na kufuta kuwe mwisho. Na sisi wasimamizi wa makundi hapa tufanye vivyo hivyo. Swali la maradhi au la fiqhi likijibiwa neno moja, msimamizi aulize hapo hapo: umelitoa wapi? Madrasa tulikuwa tukiulizwa dalili hata kwa mas'ala ya udhu. Kwenye simu tumelegea kwa nini?

Mmoja wenu aliniuliza nje, je, tukiwalazimisha watu waandike kwa urefu si tutakuwa tumepona? Hapana. Disemba 2022, siku chache tu baada ya ChatGPT kutoka, Stack Overflow ilipiga marufuku majibu yake. Hayo hayakuwa mafupi. Yalikuwa marefu, yamepangika, Kiingereza safi, na mengi yalikuwa na makosa. Mkaguzi aliyezoea kushuku mstari mmoja sasa anasoma aya tano nzuri akitafuta kosa moja lililojificha, na bado halipwi.

Nimebakisha dakika mbili. Mwenye swali aulize, na swali likiwa fupi halina neno. Wassalaam alaykum.