Mama Mjamzito, Mizani na Dawa
(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Hakuna mkulima asiyeijua mizani. Mwanachama afikapo ghalani na gunia lake la kahawa au la pamba hasimami mbali akingoja kuambiwa. Husogea, hutazama mshale unasimama wapi, husikiliza kilo zikitajwa, wala hakubali kuondoka bila stakabadhi. Akiwa na mashaka huomba gunia lipimwe tena, na karani mwema hamwoni kuwa mkorofi kwa sababu hiyo. Lakini mwanachama huyo huyo, awapo mama mjamzito, hupanda mizani ya kliniki, muuguzi akaandika tarakimu katika kadi, naye akashuka na kwenda zake bila kujua tarakimu ile yasema nini. Stakabadhi anayo mkononi ila hajasomewa. Hapo ndipo ushauri wa kila mtu unapokuwa na nguvu sawa: wa mama mkwe, wa jirani, wa muuza dawa na wa mganga. Mazungumzo haya yanahusu jinsi ya kuisoma stakabadhi hiyo, na jinsi ya kuuliza juu ya dawa.

UZITO

Kwanza yafaa ieleweke kwamba uzito unaoongezeka wakati wa mimba si unene mtupu. Mtoto aliyetimiza miezi yake huwa na kilo 3 hivi au zaidi kidogo. Kondo la nyuma, maji yanayomzunguka mtoto na mfuko wa uzazi uliotanuka huongeza kilo 2 au 3 nyingine. Damu ya mama huongezeka, matiti hukua, na mwili huweka akiba kwa ajili ya kunyonyesha.

Je, aongezeke kilo ngapi? Jibu hutegemea alivyokuwa kabla ya mimba. Waganga hulinganisha uzito na urefu: huchukua kilo za mtu, wakazigawanya kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Chukua mfano wa wanawake watatu, wote wenye urefu wa mita 1.60. Wa kwanza ana kilo 45. Hesabu yake ni 17.6, naye yuko chini ya kiwango cha 18.5. Wa pili ana kilo 60. Hesabu yake ni 23.4, naye yu katika wastani. Wa tatu ana kilo 82. Hesabu yake ni 32, nayo imepita 30. Kwa vipimo vilivyotolewa Marekani mwaka 1990 na kusahihishwa mwaka 2009, ambavyo hutumika katika nchi nyingi, wa kwanza yafaa aongezeke kilo 12.5 hadi 18 katika mimba nzima, wa pili kilo 11.5 hadi 16, na wa tatu kilo 5 hadi 9. Mwenye hesabu iliyo kati ya 25 na 30 hutarajiwa kuongeza kilo 7 hadi 11.5. Vipimo hivyo ni vya mwenye mimba ya mtoto mmoja. Mwenye pacha ana vyake.

Kwa hiyo wanawake wawili wa nyumba moja waweza kurudi kutoka kliniki siku moja, mmoja ameambiwa ale zaidi na mwingine ameambiwa apunguze sukari na mafuta, na wote wawili wameambiwa kweli. Kosa hutokea pale mmoja anapobeba ushauri wa mwenziwe.

Yapo mashauri ya zamani, yasikikayo katika sehemu nyingi za Afrika na Asia, kwamba mama ale kidogo ili mtoto awe mdogo na uzazi uwe mwepesi. Waliosema hivyo hawakuwa wajinga. Waliwaona wanawake wakifa katika uchungu, nao wakatafuta njia. Lakini mtoto azaliwaye na uzito chini ya kilo 2.5 huwa katika hatari kubwa kuliko mwenziwe, na mama aliyejinyima huingia katika uzazi akiwa dhaifu. Kama nyonga ni nyembamba, dawa yake ni kujifungulia hospitali, si njaa.

Kwa upande wa pili, mama mnene hastahili kukemewa mbele ya watu. Akikemewa, mara nyingi hataonekana tena kliniki, na hasara huwa ya watu wawili. Yampasa apimwe sukari na shinikizo la damu, ashauriwe juu ya chakula, wala asinywe dawa za kupunguza unene wala kufunga kula. Mimba si wakati wa kukonda.

Jambo moja halingojei siku ya kliniki. Uzito ukipanda ghafula katika siku chache, uso na mikono ikavimba, kichwa kikauma sana, macho yakaona ukungu, au maumivu makali yakawa chini ya kifua, huenda hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba. Mama apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, ijapokuwa ni usiku.

DAWA

Katika dawa yako makosa mawili, nayo yanapingana. La kwanza ni kumeza kila kinachotolewa. La pili ni kuacha kila kinachotolewa.

Juu ya kosa la kwanza historia imeandika somo zito. Mwaka 1957 dawa iitwayo thalidomide ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi, ikasifiwa kuwa ya utulivu na isiyo na madhara. Wajawazito katika nchi nyingi waliitumia kwa ajili ya kichefuchefu. Hadi ilipoondolewa katika soko la huko mwaka 1961, maelfu ya watoto, wakadiriwao kupita 10,000 duniani, walikuwa wamezaliwa na mikono au miguu mifupi, au bila viungo hivyo kabisa. Marekani haikuiruhusu iuzwe, kwa kuwa mkaguzi wa dawa, Dkt. Frances Kelsey, alizidi kudai ushahidi kila alipoharakishwa. Mwanamke mmoja aliuliza maswali, na watoto wengi wakaokoka.

Hadi leo zipo dawa za kawaida ambazo mjamzito hapaswi kujinunulia dukani. Tetrasaiklini na doksisaiklini huweza kuharibu rangi ya meno ya mtoto. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kudhuru figo na moyo wa mtoto, hasa mimba ikipita nusu. Kwa homa na maumivu madogo, mganga kwa kawaida hushauri parasetamoli kwa kipimo kidogo na siku chache. Miti shamba ya kuharakisha uchungu nayo huweza kuubana mfuko wa uzazi kupita kiasi, na hakuna ajuaye kikombe kimoja kina nguvu kiasi gani. Udongo utafunwao na wajawazito wengi hautoshelezi haja ya damu. Huweza kuzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na pengine huwa na risasi ndani yake.

Kosa la pili husahauliwa. Mama mwenye kifafa, kisukari, pumu, shinikizo la damu au virusi vya UKIMWI, agunduapo kuwa ana mimba, huogopa na kuacha dawa zote siku hiyo. Huenda akaanguka kifafa akiwa jikoni, au virusi vikampata mtoto ambaye angeweza kuepushwa. Ni kweli kwamba baadhi ya dawa zibadilishwe: valproati ya kifafa huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro, na dawa fulani za shinikizo la damu hudhuru figo za mtoto. Lakini kubadilisha ni kazi ya mganga, naye yafaa aonwe mapema, ikiwezekana kabla ya mimba. Kuacha ghafula si kubadilisha.

Tena zipo dawa ambazo kutozinywa ndiko kunakodhuru. Shirika la Afya Duniani hushauri kila mjamzito apate kila siku madini ya chuma miligramu 30 hadi 60 na foliki asidi mikrogramu 400. Foliki asidi hukinga uti wa mgongo wa mtoto, nao hufunga ndani ya wiki nne za kwanza, hivyo aanzaye kabla ya mimba ametangulia vyema. Vidonge vya chuma hufanya choo kiwe cheusi. Hilo si ugonjwa. Vikimchafua tumbo, amweleze muuguzi badala ya kuvificha chini ya godoro. Chai isinywewe pamoja navyo. Palipo na malaria nyingi, dawa ya SP hutolewa kuanzia mwezi wa nne, angalau mara tatu, kila mara baada ya mwezi mmoja au zaidi. Mama anayetumia kotrimoksazoli kila siku kwa sababu ya virusi vya UKIMWI hapewi SP, kwa hiyo asifiche.

MASHAURI YANAPOPINGANA

Pengine mganga mwenyewe husema leo kinyume cha aliyosema jana. Mwaka 2018 taarifa kutoka Botswana zilitia hofu kwamba dawa ya virusi iitwayo dolutegravir huenda ikadhuru uti wa mgongo wa watoto. Watoto wengi zaidi walipohesabiwa, hatari ilionekana kuwa ndogo mno, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza hata kwa wanawake wenye umri wa kuzaa. Huko si kuyumba. Ni kupima gunia mara ya pili.

Basi mama na aulize mambo manne kila apewapo dawa: ni ya nini, ainywe vipi na kwa siku ngapi, yaweza kumdhuru vipi mtoto wa umri ule, na asipoinywa itakuwaje. Ataje pia kila anachokitumia, pamoja na miti shamba. Jibu liandikwe katika kadi.

KAZI YA CHAMA

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wengi vijijini kusikiliza redio na kujadiliana, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Vikao vya chama vyaweza kufanya kazi hiyo tena. Katibu aweza kumwalika muuguzi wa zahanati azungumze robo saa kabla ya mkutano, waume wakiwapo, maana mara nyingi fedha za nauli na za mboga zimo mikononi mwao. Mjamzito apishwe foleni ghalani, wala asiachiwe kunyanyua gunia. Malipo yake yasicheleweshwe, kwani mahudhurio 8 yanayoshauriwa tangu mwaka 2016, la kwanza kabla ya wiki ya 12, hayahudhuriwi bila nauli. Chama chenye mfuko wa kuweka na kukopa kitenge mkopo mdogo wa dharura kwa safari ya usiku kwenda hospitali.

Mwanachama hudai kusomewa mizani ya mazao yake. Na adai vivyo hivyo kusomewa ile ya mwanawe.