Mtoto Asiyeitika Jina Lake
Hotuba ya walimu wakimbizi wa Kampala kuhusu usonji



Tunasema kwa niaba ya walimu wakimbizi tunaofundisha hapa Kampala. Tumeombwa tuseme juu ya usonji, nasi tunaanza kwa kukiri kosa letu.

Tulikuwa na mvulana darasani asiyeitika jina lake. Alipanga vifuniko vya soda kwa mstari kutwa nzima. Ukimwuliza swali, alikurudishia swali lile lile. Tukamchapa, tukidhani ni jeuri. Mvua ilipopiga mabati aliziba masikio na kulia, tukamtoa nje asisumbue wenzake. Mama yake, ambaye hana budi kwenda kuuza vitenge ili wale, alimfunga kamba mguuni asipotee barabarani. Majirani wakasema amerogwa. Sisi hatukumsaidia mama huyo, tulimwongezea mzigo.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Si laana, wala hauambukizi. Urithi una sehemu kubwa ndani yake. Mwaka 1943 Daktari Leo Kanner alieleza habari za watoto 11 wa namna hii huko Baltimore, Marekani. Hata huko akina mama walilaumiwa kwa miaka mingi kwamba hawakuwapenda watoto wao, mpaka ikathibitika kuwa si kweli. Chanjo nazo hazileti usonji. Makala ya mwaka 1998 iliyoeneza uvumi huo ilifutwa mwaka 2010 na jarida lile lile lililoichapa.

Sisi wakimbizi tunachanganya mambo mawili. La kwanza ni lugha. Nyumbani Kiswahili, sokoni Kiganda, shuleni Kiingereza, basi tunasema mtoto amechelewa kwa sababu ya lugha nyingi. Lugha nyingi hazileti usonji. La pili ni vita. Mtoto wa miaka sita aliyekuwa akizungumza na kucheza vizuri, akanyamaza baada ya kuona mauaji, huenda ana jeraha la moyo, na hilo lina msaada wake. Mwenye usonji huonyesha dalili mapema: haitiki jina, haonyeshi kitu kwa kidole, hushtushwa na mabadiliko madogo. Lakini wako pia wanaosema vizuri sana, hata dalili zao zikachelewa kutambulika. Wote wapelekwe kwa mganga wa hospitali, na masikio yapimwe kwanza. Wengine wana kifafa pia, na kifafa kina dawa. Usonji wenyewe hauna dawa ya kuuondoa. Anayewauzia dawa hiyo anawaibia.

Msaada upo. Sema naye kwa maneno machache. Mwonyeshe kwa picha kitakachofuata: kunawa, kula, kwenda shule. Usibadilishe ratiba bila kumwandaa. Akilia kwa makelele, mpeleke mahali patulivu, usimpige. Anzia na kile anachokipenda. Mvulana wetu tulimfundisha kuhesabu kwa vifuniko vyake vya soda, na leo ndiye anayegawa madaftari, wala hakosei hata moja.

Ndugu zetu wa mashirika, tunawaomba jambo moja. Foleni ya kuandikishwa ni mateso kwa mtoto wa namna hii. Asipotazama kamera, si ukaidi. Familia hizo zihudumiwe mapema, mahali pasipo makelele.

Wazazi, msikubali kuambiwa kwamba mtoto wenu hana haki. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 35, inalinda heshima ya watu wenye ulemavu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi elimu ya msingi sawa na mwenyeji. Hapa hapa Kampala, Chuo Kikuu cha Kyambogo kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Tuwaulize, tujifunze kwao.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mama yule hakumfunga mwanawe kwa ukatili, alimfunga kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Basi tunaiomba Kamati ipange zamu za majirani, ili mama akienda sokoni mtoto abaki na mtu, si na kamba. Sisi walimu tunajiandikisha wa kwanza.