Samaki wa Kidimbwi Wakifa kwa Ghafla: Pole Kwanza, Lawama Baadaye

Hotuba kwa wakazi wa Kaunti ya Kirinyaga wanaofuga samaki nyumbani na shuleni



Mada ya leo ni hasara ambayo mara nyingi huchekwa. Mtu akipoteza ng'ombe, majirani huja kumpa pole. Akiamka na kukuta samaki wake wote wanaelea wamekufa, huambiwa, "Si ni samaki tu?" Lakini kuna mzee ambaye tangu astaafu huketi kando ya kidimbwi kila jioni akitazama samaki wake wa mapambo. Kuna mtoto aliyempa kila samaki jina. Kuna mama aliyetarajia kuuza tilapia ili alipe karo. Hao wote wanastahili pole.

Baada ya pole, jambo linalovunja nyumba ni lawama. Mtoto aliyewalisha samaki jana hupigwa, kijana wa kazi hufutwa, na jirani hushukiwa kuwa ametia sumu. Haya yote hufanyika kabla mtu yeyote hajayakagua maji. Ni vyema kutazama kwanza, kwa sababu kidimbwi chenyewe huacha dalili.

Ikiwa samaki wamekufa usiku kuamkia asubuhi, na walio hai wamepanda juu wakitwetatweta, huenda walikosa hewa. Mimea midogo inayoyapa maji rangi ya kijani hutoa oksijeni wakati wa jua, lakini usiku nayo huitumia. Kwa hiyo oksijeni hupungua zaidi karibu na alfajiri. Hali huwa mbaya zaidi siku za mawingu mfululizo, kama za Juni hadi Agosti katika kaunti hii, hasa kidimbwi kikiwa na mbolea nyingi au mabaki ya chakula. Kambare huweza kuvuta hewa juu ya maji. Ukiona kambare wako hai na tilapia wamekufa, hiyo ni ishara nyingine ya upungufu wa oksijeni.

Ikiwa vyura, viluwiluwi na wadudu wa majini nao wamekufa, shuku sumu. Dawa inayopuliziwa mpunga, nyanya au kahawa huweza kuletwa na mvua au mfereji. Wakati mwingine ni pampu ya kupulizia iliyooshwa karibu na kidimbwi, bila nia mbaya. Na ikiwa samaki walikufa baada ya kuongezewa maji ya mfereji wa nyumbani, fikiria klorini. Wakifa wachache wachache kwa siku kadhaa wakiwa na vidonda, huenda ni ugonjwa.

Asubuhi hiyo, acha kulisha mara moja. Kama kuna walio hai, ongeza maji safi polepole, yakianguka kutoka juu ili yabebe hewa. Toa waliokufa, kwa sababu wakioza hunyonya oksijeni iliyosalia. Usiwale, usiwauze, usiwape mbwa wala nguruwe, na usiwatupe mtoni. Wafukie kwenye shimo refu, mbali na kisima. Ukishuku sumu, zuia watu na mifugo kutumia maji hayo, yasifunguliwe kuelekea mtoni, chota kiasi kwenye chupa safi yenye kifuniko, kisha mjulishe afisa wa uvuvi upesi.

Kwa watoto, semeni ukweli. Kumwambia mtoto kwamba samaki "wamesafiri" humfanya awasubiri. Mwambie wamekufa, mweleze sababu kwa maneno mepesi, na umruhusu kusaidia kuwafukia akitaka. Kama ndiye aliyemwaga chakula chote majini, asifichwe lakini asivunjwe moyo. Alitaka kuwashibisha. Mwonyeshe kipimo sahihi: chakula kinacholiwa chote ndani ya dakika 10 hadi 15. Mtoto aliyefundishwa hivyo huwa mlinzi bora wa kidimbwi kuliko aliyechapwa.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini kidimbwi hujazwa tena. Usikimbilie kununua vifaranga wiki hiyo hiyo. Mwaga maji, isipokuwa yale unayoshuku yana sumu, ambayo yasubiri ushauri wa afisa. Ondoa tope jeusi, acha sakafu ikauke hadi ipasuke, kisha nyunyiza chokaa ya kilimo. Maji ya klorini yaache kwenye chombo wazi siku moja au mbili kabla ya kuyatumia. Kwa tilapia katika kidimbwi cha udongo, samaki 2 au 3 kwa kila mita mraba wanatosha. Mfuko wa vifaranga uelee kwenye maji kama dakika 20 kabla ya kuwaachilia, ili joto lilingane.

Baadaye, yapime maji kwa mkono. Tumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, kijani kimezidi: punguza chakula, sitisha mbolea na ongeza maji safi. Chimba mtaro wa kuzuia maji ya mashambani, na mwambie jirani akujulishe siku anayopulizia dawa.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, huduma za uvuvi ziko chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo mwenye kidimbwi cha samaki watano ana haki ya kuuliza sawa na mwenye mabwawa matano. Kaunti hii pia ina kituo cha kitaifa cha utafiti wa ufugaji wa samaki pale Sagana. Nenda ofisi ya uvuvi ya kaunti ndogo yako mapema, samaki wangali wanatwetatweta. Usingoje hadi waelee.

Poleni kwa waliopoteza.